NANI ANACHORA MAENEO YA GHALA?

Ndugu wafanyakazi wa viwandani, wa mashambani na wa maghalani,

Wengi wetu tukisikia maneno "programu ya kompyuta" tunadhani ni mambo ya ofisini, ya watu wanaokaa penye kiyoyozi, na hayamhusu mtu abebaye magunia. Nataka kuonyesha leo kwamba yanamhusu yeye kabla ya mwingine yeyote. Nitazungumza juu ya jambo moja tu: jinsi programu ya ghala inavyogawa ghala katika maeneo ya kuokotea bidhaa, na kwa nini kamati zetu za chama zisikubali mgawo huo ufanyike bila wafanyakazi kuwapo.

Jambo hili si la mbali. Mji wa Palma ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na mwezi wa Aprili mwaka huo kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kusimamisha mradi wa gesi wa Afungi. Novemba 2025 kampuni hiyo ilitangaza kuondoa zuio lile. Kila anayejua kazi ya ujenzi anajua kwamba ghala hutangulia, fundi hufuata. Saruji, nyaya, mabomba, vipuri, glavu, buti, mchele na maji ya kunywa, vyote hupita ghalani. Pemba nako yako maghala ya chakula cha msaada kwa ndugu zetu waliokimbia vita vilivyoanza Oktoba 2017. Viwanda vya korosho vina maghala, na mashamba makubwa yana stoo za mbolea na magunia.

Zamani kazi ya ghala ilipangwa na karani na daftari lake. Katika maghala makubwa ya siku hizi inapangwa na programu zinazouzwa na kampuni kama SAP, Oracle na Microsoft. Mwenye daftari tulimjua kwa jina na kwa uso, tukaweza kugombana naye na kupatana naye. Mwenye programu hatumwoni. Kwa hiyo inatupasa kujua anafanya nini.

ENEO LA KUOKOTEA NI NINI

Kuokota tunakujua. Korosho ikianguka chini ya mkorosho tunaiokota. Ghalani ni vivyo hivyo. Oda inakuja ya masanduku mawili ya glavu, mapipa matatu ya mafuta na mifuko kumi ya saruji. Mtu anapita kwenye rafu, anaokota kimoja kimoja, anapeleka mlangoni kwenye lori.

Ghala kubwa huwa na sehemu ya kupokelea mizigo, sehemu ya akiba ambako paleti nzima hupangwa juu kwa juu, sehemu ya kuokotea ambako kiasi kidogo cha kila bidhaa huwekwa karibu na mkono wa mtu, na sehemu ya kupakilia. Kabla programu haijaanza kazi, fundi wake huipa kila nafasi ya rafu anwani, kama nyumba za mtaani: mstari wa 4, rafu ya 12, ngazi ya 2. Kisha anakusanya anwani hizo katika makundi. Kila kundi ni eneo la kuokotea.

Kwa kila eneo fundi anajaza majibu ya maswali machache. Bidhaa gani zikae hapa? Nani ataokota hapa, na kwa chombo gani: kwa mikono, kwa toroli au kwa foklifti? Atapita nafasi ipi kwanza na ipi mwisho? Bidhaa zikipungua hadi kiasi gani ndipo akiba iteremshwe? Na mwokotaji wa hapa aokote mara ngapi kwa saa?

Baada ya hapo, oda ikiingia, kompyuta inaikata vipande kwa kufuata maeneo. Kila mwokotaji anaona kipande chake kwenye skana aliyoishika mkononi. Skana inamwambia nenda hapa, chukua vitatu, nenda pale. Anaisomesha alama za mistari kwenye sanduku, inalia, na dakika ile ile inaandikwa pamoja na jina lake.

Tuangalie vizuri, ndugu zangu. Eneo la kuokotea si ukuta. Ni orodha ya anwani ndani ya kompyuta. Mwenye ruhusa anaweza kuhamisha rafu kumi kutoka eneo moja kwenda jingine bila kuinuka kitini. Siku tutakapoambiwa kwamba maeneo hayawezi kubadilishwa kwa kuwa "mfumo ndio ulivyo", tujue kwamba aliyesema hivyo ama hajui, ama hataki.

IDADI MOJA, KAZI MBILI

Tuchukue mfano wa ghala lenye maeneo mawili, na waokotaji wawili wanaolipwa mshahara mmoja. Kila mmoja amewekewa kipimo cha kuokota mara 30 kwa saa, yaani mara 240 kwa zamu ya saa 8.

Eneo la kwanza lina glavu, balbu na vifaa vidogo vya kilo 1 kila kimoja, na kutoka nafasi moja hadi nyingine ni mita 10. Mwisho wa zamu mwokotaji wa hapo ameinua kilo 240 na ametembea kilomita 2 na nusu hivi.

Eneo la pili lina madumu na masanduku ya vyuma ya kilo 20, na kutoka nafasi moja hadi nyingine ni mita 40. Mwisho wa zamu mwenzake ameinua kilo 4,800, karibu tani 5, na ametembea zaidi ya kilomita 9, chini ya paa la bati, mwezi wa Desemba.

Kwenye karatasi ya kompyuta wote wawili wameandikiwa 240. Wa pili akifika 200 tu, jina lake linatokea kwa rangi nyekundu. Msimamizi anamwita mvivu. Mkataba wake wa miezi sita haurudishwi. Hakuna aliyemtukana wala kumpiga, wala hakuna wa kumlalamikia. Ameondolewa na mstari uliochorwa kabla yeye hajaajiriwa.

Hiki ndicho kiini cha maneno yangu. Kipimo cha kazi hakiko katika idadi peke yake. Kiko katika eneo. Anayechora eneo ndiye anayeamua uzito wa kazi, na kwa hiyo ndiye anayeamua thamani ya mshahara. Chama kikijadili mshahara na kuacha maeneo, kimejadili nusu ya jambo.

Yako makosa mengine ya uchoraji ambayo humwangukia mwokotaji kama kwamba ni yake.

Kwanza, mpangilio wa kupita. Kila nafasi hupewa namba ya zamu yake. Namba zikipangwa vibaya, skana inamtuma mtu mwisho wa mstari, inamrudisha mwanzo, kisha inamtuma tena mwisho. Yeye anaona. Kompyuta haioni, inahesabu dakika tu.

Pili, akiba. Ikiwa imeandikwa kwamba akiba iteremshwe pale zinapobaki sanduku mbili, na oda zinakuja za sanduku kumi kumi, mwokotaji atakuta rafu tupu kila mara na kusubiri foklifti. Akisubiri dakika 6 mara 10 kwa zamu, amepoteza saa nzima. Saa hiyo iandikwe kwa nani?

Tatu, msongamano. Ni busara kuweka bidhaa zinazotoka sana karibu na mlango, ili watu wasitembee bure. Lakini zikirundikwa zote katika njia moja nyembamba, watu watano na foklifti moja wanakutana hapo asubuhi nzima. Hapo tunazungumza juu ya miguu iliyovunjika, wala si juu ya dakika.

Nne, urefu wa rafu. Mzigo mzito ukae kati ya goti na bega, mwepesi ukae juu. Mchoraji anayetaka kujaza nafasi tu ataweka dumu juu ya kichwa cha mtu. Na mchoraji asiyejali ataweka dawa za kuulia wadudu katika eneo moja na mchele, kwa kuwa vyote vinatoka siku ya Jumatatu.

WAZEE WETU NA KIPANDE

Haya si mageni kwetu. Wazee wetu wengi kutoka upande huu walivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, hasa Tanga. Huko walipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku haikuhesabiwa kwa kuwa mtu ametoka alfajiri. Ilihesabiwa pale alipomaliza kazi aliyopimiwa: matita kadha wa kadha ya majani ya mkonge, yamefungwa na kupangwa kando ya reli ndogo. Asiyemaliza alirudi kambini bila siku.

Mkata mkonge aliijua siri ya kazi ile. Idadi ya matita ilikuwa moja kwa wote, lakini mistari ya shamba haikuwa sawa. Mwenye mstari karibu na reli na mkonge mnene alimaliza kabla ya jua kali. Mwenye mstari wa mbali, penye majani mafupi na magugu, alimaliza alasiri au hakumaliza. Kwa hiyo ugomvi ulikuwa juu ya mistari: nyapara anampa nani mstari upi.

Akina mama wanaobangua korosho wanaijua siri hiyo hiyo. Kilo ya korosho ndogo ina punje nyingi za kubangua kuliko kilo ya korosho kubwa. Malipo yakiwa kwa kilo, aliyepangiwa gunia la korosho ndogo amepunjwa kabla hajakaa kitako.

Basi eneo la kuokotea ni mstari wa mkonge ulioingia ndani ya kompyuta. Tofauti ni kwamba nyapara alisimama mbele yetu, na siku hizi mgawo unaweza kufanywa na mtu ambaye hajawahi kuliona ghala lenyewe, naye akapewa ramani tu.

"KOMPYUTA HAINA UPENDELEO"

Watatuambia hivyo. Tuwajibu kwa utulivu, kwa kuwa yako mema katika programu hizi na si haki kuyaficha. Ghala lililotegemea kumbukumbu ya mtunza stoo mmoja lilisimama siku alipougua. Zaidi ya hayo, mfanyakazi wa ghala ndiye mtu wa kwanza kutuhumiwa mali ikipotea. Kumbukumbu nzuri ya nani ameokota nini na saa ngapi imekwisha kumlinda mtu mwaminifu, mahali ambapo zamani neno la msimamizi lilitosha kumfukuzisha. Chama hakipingi chombo. Mkulima hapingi jembe la chuma kwa kuwa babu yake alitumia la mti.

Lakini kusema kompyuta haina upendeleo ni kusema mizani haina upendeleo bila kutazama mawe. Kompyuta inajua tu kile ilichoandikiwa. Katika programu hizi kila bidhaa ina nafasi ya kuandikia uzito. Mara nyingi kwa haraka ya kufungua ghala nafasi hiyo huachwa tupu au huandikwa sifuri. Uzito ukiwa sifuri, kwa kompyuta pipa na glavu ni kitu kimoja. Hapo upendeleo umeingia bila mtu kuukusudia, na unamwelemea yule yule mwenye eneo zito.

Na lipo la lugha. Skana nyingi huzungumza Kiingereza au Kireno. Wafanyakazi wa pwani hii huzungumza Kimwani, Kiswahili, Kimakonde na Kimakua, na wengi, kama mimi, tuliishia shule ya msingi. Ikiwa maelezo ya eneo jepesi yako katika lugha ya kigeni tu, basi eneo hilo litakuwa la aliyetoka mbali, na mwenyeji atapelekwa kwenye saruji, kwa kuwa saruji haihitaji kusomwa. Hivyo ndivyo mfanyakazi anavyoanza kumchukia mfanyakazi mwenziwe. Sisi tulioona damu ikimwagika katika mkoa huu tunajua chuki ya namna hiyo inavyoweza kutumiwa. Kutafsiri maneno machache ya skana na kumfunza mtu kwa siku chache ni gharama ndogo.

WENZETU WA MINNESOTA

Wapo watu wa Afrika Mashariki waliokwisha kupambana na jambo hili. Katika mji wa Shakopee, jimbo la Minnesota, Marekani, liko ghala kubwa la kampuni ya Amazon. Waokotaji wengi wa hapo ni Wasomali, watu waliokimbia vita kama tulivyokimbia sisi. Walilalamika juu ya mwendo wa kazi uliopimwa na kompyuta, na juu ya kukosa nafasi ya kuswali bila kuhesabiwa wavivu. Walijikusanya katika kituo kiitwacho Awood, neno la Kisomali lenye maana ya nguvu. Desemba 2018 walitoka nje ya ghala kuandamana, katika baridi kali. Julai 2019 waligoma.

Wengi waliwaambia kwamba wahamiaji hawawezi kuishinda kampuni kama ile. Mwaka 2023 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa maghala makubwa, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti mwaka huo. Sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kipimo chake cha kazi kwa maandishi, katika lugha anayoielewa. Kipimo kisimzuie kula, kupumzika, kuswali wala kwenda chooni. Mtu asiadhibiwe kwa kipimo ambacho hakuelezwa. Jimbo la California lilikwisha kupitisha sheria ya vipimo vya maghala mwaka 2021.

Sheria za Marekani hazifiki Palma. Lakini zinaonyesha kwamba kipimo cha kompyuta si amri ya Mungu. Kinajadiliwa, kinaandikwa, kinawekewa mpaka. Na walioanzisha mjadala huo Minnesota walikuwa waokotaji wenyewe.

TUDAI NINI

Sheria ya Kazi ya Msumbiji, Na. 13/2023, inaweka saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki kuwa muda wa kawaida wa kazi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55. Juu ya msingi huo kila kamati ya chama penye ghala lenye programu, au linalokaribia kuwekewa, ipeleke madai haya kwa maandishi:

1. Maeneo ya kuokotea yachorwe pamoja na waokotaji wawili au watatu waliochaguliwa na wenzao, mmoja wao akiwa mwanamke penye akina mama. Watembee na fundi wa programu kila mstari kabla namba hazijaandikwa.

2. Kila eneo liwe na kipimo chake, kinachohesabu uzito, mwendo na joto. Kipimo kimoja kwa ghala zima kikataliwe.

3. Hakuna kipimo kuanza kutumika hadi uzito wa kila bidhaa umeandikwa na kuhakikiwa kwenye mizani.

4. Dakika za kusubiri akiba, foklifti, umeme au mtandao zisiandikwe juu ya mwokotaji.

5. Wafanyakazi wazungushwe katika maeneo mazito na mepesi kwa utaratibu uliobandikwa ukutani, usiotegemea urafiki na msimamizi.

6. Kipimo na maelezo ya skana vitolewe kwa lugha ambayo wafanyakazi wa pale wanaielewa.

7. Maeneo yatazamwe upya kila miezi mitatu, na kila mara bidhaa zinapobadilika.

Dai la tano litaleta ubishi kati yetu wenyewe, na afadhali tuliseme wazi. Aliyezoea eneo jepesi hatapenda kuhamishwa. Atasema anazijua bidhaa zake, na ni kweli anazijua. Lakini mgongo wa mwenzake nao una mwisho. Tukubaliane mzunguko wa polepole, mtu afundishwe kabla hajahamishwa, na mgonjwa au mjamzito asiwekwe kwenye eneo zito hata siku moja. Tukishindwa kugawana uzito sisi kwa sisi, hatuna uso wa kumdai mwajiri.

Kwa upande wetu tuna wajibu. Tusisomeshe skana kwa kitu ambacho hatujakiokota, ili kufukuza idadi. Udanganyifu huo huonekana mlangoni, huharibu jina la wote na huua madai yetu. Mwenye kuona kosa la mpangilio aliandike: tarehe, namba ya rafu, dakika zilizopotea. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Daftari la kurasa arobaini lililojaa mambo kama hayo kwa mwezi mmoja lina nguvu mbele ya meneja kuliko hotuba ya saa mbili.

Mwajiri naye akifikiri vizuri ataona faida yake. Eneo lililochorwa sawasawa linapunguza bidhaa zilizokosewa, zilizovunjika, na watu walioumia. Lori linaondoka kwa wakati. Hatumwombi hisani.

Maghala mapya yanajengwa na ya zamani yanafunguliwa. Wakati wa kudai ni kabla namba hazijaingizwa, kwa kuwa kazi ikishaanza kila badiliko litaitwa usumbufu. Kamati ambayo haijauliza swali hili ilipeleke katika mkutano wake ujao na wasimamizi: maeneo ya ghala hili yamechorwa na nani, na sisi tulikuwa wapi?

Umoja ni nguvu. Mapambano yanaendelea.